Mwaka Ulioandikwa na Mwaka wa Kuzaliwa: Habari za Sarafu za Kale za Marekani

Wazee wa pwani yetu waliijua sana reale ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Juu yake umeandikwa mwaka 1780, nao ndio mwaka aliokufa malkia huyo. Lakini wafanya biashara wa Bara Arabu na wa Uhabeshi waliizoea sura ile moja, wakazitilia shaka nyingine; kwa hiyo reale ziliendelea kupigwa miaka mingi baada ya kufa kwake, Vienna na kwingineko, na kila moja ikaandikwa 1780. Basi mtu aliyeshika reale mpya huko Unguja mwaka 1850, akasema, "Fedha hii ina umri wa miaka sabini," alikosea sana. Sarafu haikumdanganya kwa kusudi, ila yeye aliyasoma maandishi asiisome sarafu yenyewe.

Tofauti hiyo, kati ya mwaka ulioandikwa na mwaka wa kuzaliwa, ndiyo tunayotaka kuieleza katika makala hii. Tumezichagua sarafu za kwanza za Marekani ziwe mfano wetu, kwa sababu mbili. Kwanza, ni sarafu chache duniani zilizochunguzwa moja moja kwa bidii kama hizo. Pili, mojawapo iliyo mashuhuri kuliko zote ina uhusiano na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Na habari zake zafaa kujulikana na kila mwalimu afundishaye mambo ya kale.

Asili ya dola na senti

Jina la dola lilitoka katika neno "thaler", nalo lilitokana na bonde la Joachimsthal katika nchi ya Bohemia, mahali palipochimbwa fedha nyingi katika karne ya 16. Fedha za namna hiyo zilienea Ulaya, kisha Wahispania wakapiga zao za uzito karibu na huo katika Mexico na Peru. Watu wa Marekani, walipokuwa chini ya Waingereza na hata baada ya kujitawala, walitumia sana fedha hizo za Kihispania. Nao walipopiga dola yao wenyewe waliipima kwa kuifuata ile waliyoizoea. Hivyo dola ya Marekani na reale ya Unguja ni ndugu wa ukoo mmoja.

Sheria ya kuanzisha nyumba ya kupigia sarafu ilitolewa tarehe 2 Aprili, 1792, na nyumba yenyewe ikawekwa Philadelphia. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa David Rittenhouse, mtu aliyejulikana kwa elimu ya nyota. Mwezi wa Machi, 1793, zilitoka senti za kwanza za shaba, jumla 36,103. Upande wa uso palikuwa na kichwa cha mwanamke, mfano wa Uhuru, nywele zake zikipeperuka. Na upande wa mgongo palikuwa na mnyororo wa pete 15, kila pete ikiwa mfano wa jimbo moja, nayo yameshikamana.

Waliouchora mnyororo walikusudia umoja, lakini watu wengi walioutazama waliona utumwa, wakasema ni alama mbaya kwa nchi ijisifuyo uhuru. Haukupita muda mrefu ukaondolewa, na mahali pake likatiwa shada la majani. Kabla mwaka haujaisha ilitoka sura ya tatu, ya mwanamke mwenye kofia juu ya fimbo, kofia ambayo kwa desturi ya Warumi wa kale ilikuwa alama ya mtumwa aliyeachwa huru. Nasi hatuwezi kuisoma habari hiyo bila kukumbuka kwamba katika miaka hiyohiyo walikuwako katika nchi ile maelfu mengi ya watu weusi waliofungwa utumwani. Mnyororo uliondolewa katika senti miaka zaidi ya 70 kabla ya kuondolewa katika sheria ya nchi nzima, maana jambo hilo halikutimia hata mwaka 1865. Kipande kidogo cha shaba chaweza kusema mengi kuliko alivyokusudia aliyekichonga.

Senti hizo zilikuwa kubwa, upana wake unakaribia milimita 29, na uzito wake wa kwanza ulikuwa gramu 13.48. Thamani ya shaba ilipopanda, uzito ulipunguzwa mwishoni mwa mwaka 1795 hata kufika gramu 10.89. Zile nene ziliandikwa maneno ukingoni, ya kusema kwamba mia zao ni dola moja. Zile nyembamba hazikuwa na nafasi ya kutosha, nazo zikaachwa bila maneno. Basi mtu akiletewa senti ya mwaka 1795, asitosheke na kuutazama uso na mgongo. Na atazame ukingo, na aiweke katika mizani, ndipo atakapojua ni ya kabla ya badiliko au ya baada yake.

Jinsi mihuri ilivyotengenezwa

Sarafu hupigwa kwa mihuri miwili ya chuma cha pua, mmoja wa uso na mmoja wa mgongo. Kipande cha shaba huwekwa katikati, kisha mihuri hukandamizwa kwa mtambo. Siku hizi mihuri yote ya mwaka mmoja hutolewa katika mama mmoja, nayo hufanana kama mapacha. Katika Philadelphia ya zamani haikuwa hivyo. Fundi alikipiga kichwa kwa chombo kimoja, halafu akazipiga herufi moja moja, na tarakimu moja moja, na mara nyingi majani na matunda ya shada vilevile, kwa nyundo na kwa kukadiria kwa jicho. Kwa hiyo hapakuwa na mihuri miwili iliyolingana kabisa. Katika huu tarakimu ya mwisho imesogea karibu na kifua. Katika ule jani limegusa herufi. Katika mwingine tunda moja limesahauliwa.

Tena chuma kilikuwa dhaifu, nacho kilipasuka upesi. Muhuri ukiingia ufa, shaba hupenya ndani ya ufa ule, na juu ya sarafu huonekana mstari mwembamba ulioinuka. Ufa ukizidi, mstari nao huzidi. Hivyo mchunguzi akiwa na senti kumi za muhuri mmoja aweza kuzipanga kwa utaratibu, iliyopigwa kwanza hata iliyopigwa mwisho, ingawa zote zimeandikwa mwaka mmoja. Huo ndio msingi wa elimu hii yote: maandishi hueleza nia ya serikali, lakini alama za muhuri hueleza kazi iliyofanyika.

Mfano mmoja wa ajabu ni senti ya mwaka 1794 ambayo katika mgongo wake, ukingoni kabisa, pana nyota ndogo 94 zilizofichwa katikati ya meno ya mpaka. Senti hiyo ilipita katika mikono ya watu wa sokoni miaka mingi bila kutambuliwa, maana hakuna aliyedhani kwamba pana kitu cha kutazamwa pale.

Mwanzo wa kukusanya

Kwa muda mrefu watu wachache tu walijali sarafu hizo. Tarehe 21 Februari, 1857, ilitolewa sheria ya kuziondoa senti kubwa na nusu senti, na kuweka mahali pake senti ndogo ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Na sheria hiyohiyo ikazikomesha fedha za Kihispania zisiwe tena malipo halali. Hapo watu walishtuka. Kitu walichokitia mfukoni kila siku tangu utoto kilikuwa kinatoweka, na wengi walianza kutafuta senti moja ya kila mwaka ili kuiweka. Mwaka 1858 kilianzishwa chama cha elimu ya sarafu huko New York, nacho kiko hata leo.

Waliotafuta senti ya kila mwaka, kuanzia 1793 hata 1857, waligundua mambo mawili upesi. La kwanza, mwaka 1815 hauna senti yake. Vita na Uingereza, vilivyoanza mwaka 1812, vilizuia vipande vya shaba vilivyokuwa vikiagizwa kutoka huko, akiba ikaisha. La pili, senti ya mwaka 1799 ni adimu kuliko za miaka mingine. Na kila kitu adimu huvuta waongo. Wako waliochukua senti ya 1798 wakaikwaruza tarakimu ya mwisho hata ikafanana na 9. Mtu asomaye mwaka tu hununua bila shaka yo yote. Lakini yeye azijuaye alama za mihuri hutazama mahali pa herufi na majani, akaona kwamba muhuri huu ni wa 1798, nao haukutumika kamwe kwa 1799. Mwongo hukumbuka kubadili tarakimu moja. Kusogeza kila jani na kila herufi hawezi.

Dola ya mwaka 1804

Sasa twaja kwenye sarafu ile tuliyoitaja mwanzoni. Hesabu za Philadelphia zasema kwamba mwaka 1804 zilipigwa dola 19,570 za fedha. Hesabu hizo ni za kweli, lakini mihuri iliyotumika ilikuwa ya zamani, yenye miaka iliyotangulia, kwa kuwa chuma kizuri kilikuwa ghali na muhuri haukutupwa kabla haujachakaa. Baada ya hapo upigaji wa dola ulisimamishwa kwa miaka mingi.

Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alifanya mapatano ya biashara na mfalme wa Siam mwezi wa Machi, na na Sayyid Said huko Maskat tarehe 21 Septemba. Mapatano haya ya pili yalihusu Unguja sana, maana ndiko meli za Wamarekani zilikokwenda kununua pembe za ndovu na sandarusi na ngozi, na kuuza nguo ile ambayo hata leo lugha yetu inaiita merikani. Mwaka 1834 serikali yao iliagiza zitengenezwe zawadi za kuwapelekea wafalme, na miongoni mwa zawadi ikataka seti ya sarafu za kila namna za nchi, tangu dhahabu hata nusu senti. Dola haikuwa imepigwa kwa miaka 30. Basi mafundi walifungua vitabu, wakaona kwamba mara ya mwisho dola zilipigwa ilikuwa 1804, wakachonga mihuri mipya yenye mwaka huo. Ndivyo ilivyozaliwa dola ya 1804, naye mama yake ni mwaka 1834.

Roberts alisafiri tena mwaka 1835 kwa manowari iitwayo Peacock. Meli ilifika Unguja mwezi wa Septemba, kisha katika kuelekea Maskat ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira, wakaiokoa kwa taabu. Mwanzo wa Oktoba Sayyid Said alipokea zawadi zake. Mfalme wa Siam alipokea zake mwaka 1836, na mwezi wa Juni mwaka huo Roberts akafa Macao kabla ya kuimaliza safari.

Baadaye sura ya dola hiyo ilionekana katika kitabu kilichotolewa mwaka 1842 na maofisa wawili wa nyumba ya Philadelphia. Mwaka uliofuata mkusanyaji mmoja, Matthew Stickney, aliipata moja kwa kubadilishana nao sarafu adimu ya dhahabu. Stickney alikuwa mtu wa Salem, mji uleule ambao meli zake zilikuwa zikifanya biashara Unguja. Watu walidhani kwamba wameona mojawapo ya zile 19,570, na kwamba nyingine zote zimepotea. Wakatunga visa vingi, mara zimezama baharini, mara zimeyeyushwa.

Karibu na mwaka 1858 wafanyakazi wengine wa nyumba ileile walipiga nyingine kwa siri, ili wauze kwa wakusanyaji. Moja katika hizo iko katika hazina ya Smithsonian huko Washington, nayo ni shahidi asiyekanushika: ilipigwa juu ya fedha ya Uswisi ya mwaka 1857, na alama za fedha ile ya kwanza zaonekana bado chini ya sura ya dola. Sarafu iliyoandikwa 1804 imelala juu ya sarafu ya 1857. Ni nani awezaye kusema kwamba ni ya 1804?

Kwa zile nane za kwanza kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1962 Eric Newman na Kenneth Bressett walitoa kitabu kilichomaliza ubishi. Walionyesha kwamba mpaka wa sarafu hizo una shanga sawasawa kama za miaka ya 1830, si meno ya zamani. Na kwamba maandishi ya ukingoni yamebanwa na pete ya chuma, njia ambayo haikutumika kwa dola mwaka 1804. Mwaka huohuo seti ya mfalme wa Siam ilitokea hadharani London, dola ikiwa ndani yake, ikathibitisha habari ya zawadi.

Dola yote pamoja zajulikana 16. Moja kati ya zile nane huitwa ya Sultani wa Maskat. Ilikuwa kwanza mali ya mkusanyaji wa Liverpool aitwaye Watters, ikauzwa London mwaka 1917. Mwaka 1999 iliuzwa kwa dola 4,140,000, na mwaka 2021 kwa dola 7,680,000. Kwamba ndiyo aliyoishika Sayyid Said ni dhana yenye nguvu, kwa sababu ya uzuri wake na jinsi ilivyotunzwa. Lakini safari yake kutoka Maskat hata Liverpool haina hati. Mwalimu mwema na ayatenge mambo hayo mawili: zawadi ilitolewa, hilo ni jambo lililoandikwa, sarafu hii ndiyo ile, hilo ni jambo linalosadikiwa.

Amana ya mtunzaji

Mwaka 1949 daktari William Sheldon alitoa kitabu juu ya senti za 1793 hata 1814, akizipa aina zake namba 295, pamoja na kipimo cha uzima wa sarafu kuanzia 1 hata 70. Kipimo hicho kimeenea kwa sarafu za namna zote. Lakini baada ya kufa kwake mwaka 1977 iligunduliwa kwamba senti nyingi nzuri za chama cha New York, zilizotolewa zawadi na George Clapp, zilikuwa zimebadilishwa kwa nyingine duni za aina zilezile, na ushahidi ukamwelekea yeye. Zilitambuliwaje? Kwa picha za zamani. Kila senti ina mikwaruzo na madoa yake, kama uso wa mtu ulivyo na makovu yake, nayo hayawezi kuhamishwa. Mahakama ya California iliamua kwamba ni mali ya chama. Elimu aliyoieneza yeye mwenyewe, ya kutofautisha senti na senti, ndiyo iliyomfuata.

Jambo hilo latufundisha kwamba orodha na picha si anasa. Sarafu isiyoandikiwa uzito, upana, hali ya ukingo, alama zake, na jina la mahali ilipopatikana, ni mtoto asiye na kwao. Yaweza kubadilishwa mchana kweupe na mtu asijue.

Utunzaji

Shaba ni madini laini tena yenye kudhurika upesi. Chumvi ya jasho huacha alama ya kidole ambayo haitoki tena. Kwa hiyo sarafu ishikwe ukingoni, kwa vidole viwili, juu ya kitambaa laini. Unyevu, hasa wa pwani, huleta kutu ya kijani ambayo hula uso wake kama mchwa alavyo kitabu. Iwekwe mahali pakavu, katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi, moja katika kila bahasha, ili zisigongane. Ile mifuko ya plastiki laini yenye harufu isitumike, maana baada ya muda hutoa utelezi wa kijani unaoharibu shaba; wala sanduku la mti wa mwaloni halifai, kwa kuwa lina asidi ndani yake.

Kuliko yote, sarafu isisuguliwe. Twajua desturi ya nyumbani kwetu: chombo cha shaba husuguliwa kwa jivu na ndimu hata king'ae. Kwa sufuria ni usafi, kwa sarafu ni kufuta maandiko. Ile rangi ya kahawia iliyotulia ni ngozi yake. Chini ya ngozi hiyo ndipo ilipo mistari ya nyufa, na shanga za mpaka, na zile nyota 94. Vumbi litolewe kwa brashi ya manyoya laini, basi.

Nasi katika shule zetu hatuna senti za Philadelphia, lakini watoto hutuletea rupia na hela na pesa zilizookotwa shambani, na wengine huleta zile heller 20 zilizopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, kwa mihuri ya haraka iliyotofautiana kama ile ya Philadelphia ya zamani. Mtoto hudhani kwamba atatupendeza akiileta inang'aa. Yafaa tumweleze mapema kwamba twaitaka na udongo wake, na jina la shamba ilikotoka, na siku aliyoiokota. Kisha tumpe mizani na kioo cha kukuzia, tumwulize kwanza anaona nini, kabla hatujamwuliza imeandikwa mwaka gani.